Kitenge Mlangoni

Ninyi vijana mnaopita mbele ya nyumba yangu asubuhi, kofia ngumu mkononi, macho mekundu kwa zamu ya usiku, acheni kunisalimu kwa kunong'ona. Mimi si mgonjwa, na hapa si msibani. Salimieni kwa sauti mpaka kuku waruke. Nyumba hii imenyamaza vya kutosha.

Najua mnasema nini mkishapita. Mnasema Tata Flory amekuwa mkali tangu mke wake afariki. Si kweli. Nilikuwa mkali tangu zamani, ila zamani nilikuwa nalala mchana, kwa hiyo hamkupata nafasi ya kunijua. Hata watoto wangu hawakuipata. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza, kwa sababu nawaona mnaoa, nawaona siku ya mapumziko mnapigwa picha na watoto mabegani, na nawaona mnaingia shimo lile lile nililoingia mimi, tena mkishangilia.

Kazi yangu ilikuwa kwenye mtambo wa kusaga mawe, hapa hapa Kolwezi. Mawe yanatoka shimoni kwa lori, yanavunjwa, kisha yanakuja kwetu kwenye vinu. Msifikirie kinu cha kutwangia majani ya sombe. Kinu chetu kilikuwa pipa la chuma lenye ukubwa wa nyumba, linazunguka mchana na usiku, na ndani yake mipira ya chuma inagonga jiwe mpaka liwe unga. Kwenye unga ule ndimo shaba inamotolewa. Kelele yake hamwezi kuijua, maana siku hizi mnakaa ndani ya vyumba vya vioo mkitazama skrini, na mtu akikohoa mnageuka. Sisi tulisimama pembeni yake, pamba masikioni, tukisemezana kwa mikono kama mabubu.

Aliyenifundisha kazi ni Tata Kabeya, msimamizi wetu, mtu ambaye wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi. Alikuwa mfupi, mwenye tumbo, mcheshi mpaka kanisani. Siku zangu za mwanzo alinipa kinu kimoja nikiangalie, yeye akaenda kutafuta chai. Nikasimama. Baada ya muda kelele ikaanza kupungua. Ikawa nzito, ikawa ya chini, ikawa kama mtu anayesinzia. Nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe nina mkono mzuri, mashine imenizoea na imetulia. Nikatoa pamba masikioni nipate kupumzika.

Tata Kabeya alitokea anakimbia, kikombe bado kiko mkononi, chai yote iko kwenye shati. Alinisukuma pembeni akasimamisha mawe yasiendelee kuingia. Kisha akaniwekea mdomo sikioni.

"Weye muyinga! Mashini inanyamaza, na weye uko nacheka? Imekula mingi, imekabwa, haisage tena! Makelele njo kazi. Ikinyamaza, kimbia!"

Ndivyo kinu kilivyo. Kikiwa na mawe machache kinapiga makelele ya chuma kwa chuma, kila mtu anasikia na anakuja kukemea. Kikizidiwa kinanyamaza, na mgeni anafurahi. Kila mgeni mtamboni alifanya kosa hilo, lakini mimi ndiye niliyetoa pamba, kwa hiyo tangu siku ile Tata Kabeya aliniita Tata Kimya mbele ya wenzangu wote. Nilicheka nao. Kosa la kazini unalicheka, unajifunza, unaendelea.

Sasa nije kwenye kitenge.

Tulikaa kambi ya wafanyakazi, nyumba zimepangwa mistari, ukuta wa tofali moja kati ya chumba na chumba. King'ora cha kampuni ndicho kilichotuamsha, kikatulisha, kikatulaza. Kazi ilikuwa ya zamu, poste kama tulivyozoea kusema, na kila juma zamu inabadilika: asubuhi, mchana, usiku. Mwanamume wa poste ya usiku anarudi jua limeshatoka, na lazima alale wakati mji mzima uko macho. Kwa hiyo wanawake wa kambi walikuwa na desturi yao. Mume akishaingia kulala, mke anatundika kitenge kwenye mlango wa mbele. Ukiona kitenge, muuza samaki hapigi kelele. Jirani anahamisha kinu chake nyuma ya nyumba. Watoto wa mstari mzima wanaenda kucheza mbali, kule mwisho wa kambi. Na mama ambaye watoto wake wanapiga kelele wakati kitenge kiko mlangoni, huyo angesemwa bombani mpaka ndoo zijae.

Mke wangu, Mama Flory, hakupenda kusemwa. Kitenge chake kilikuwa cha bluu chenye ndege. Chini ya kitenge kile watoto wetu wawili, Flory na mdogo wake Odette, walifundishwa kutembea kwa vidole, kula bila kijiko kugusa sahani, kukoholea ndani ya mto. Aliyesahau alionja fimbo, na fimbo yenyewe ilipokelewa kimya kimya, maana kulia ni kosa la pili. Flory alijua kulia bila sauti kabla hajajua kusoma.

Msinielewe vibaya, Mama Flory alikuwa mwanamke mwema. Alinipenda, na alijua mtu aliyelala vibaya anaweza kupoteza mkono kwenye mkanda wa mawe. Alimwona jirani yetu aliyerudi na mkono mmoja. Tena kulikuwa na wale akina mama wa kampuni, waliopita nyumba kwa nyumba kuangalia kama mapazia yamefuliwa na sufuria zinang'aa. Siku moja walikuja mchana, kitenge kiko mlangoni, wakawakuta watoto wangu wamekaa chini wanachambua maharage bila neno. Walishangaa. Wakaenda kuandika, na mwisho wa mwaka mke wangu akapewa zawadi ya nyumba bora: beseni jeupe lenye maua. Watu walipiga makofi. Tulilitunza beseni lile kama kitu cha altare. Bado liko hapa, nawapa kuku maji ndani yake, na ndiyo kazi inayolifaa.

Nasikia mnacheka. Chekeni, lakini niambieni, ninyi mnafanya nini? Mnawapa watoto simu wanyamaze. Kitenge chenu kina chaji, tofauti ni hiyo tu.

Kuna jambo la zamu ambalo hakuna mkubwa wa kazi atakayewaambia, kwa hiyo nawaambia mimi. Mnaogopa poste ya usiku. Iogopeni kwa ajili ya macho yenu. Lakini inayoiba watoto ni poste ya mchana. Unaondoka hawajarudi shuleni, unarudi wamelala. Juma zima mtoto anaona viatu vyako tu. Mimi katika poste ile niliwahi kukuta Odette ameota meno mapya mbele, nami sikujua kama ya zamani yalitoka. Kwa hiyo mkiwa poste ya mchana, amkeni nao. Hata kama mwili unakataa, amka, mwogeshe mtoto wewe mwenyewe, msindikize mpaka mlango wa shule, kisha rudi ulale. Usingizi unaweza kuukata vipande viwili, utajiunga wenyewe. Utoto wa mtu haujiungi.

Na usiwe mtumwa wa saa ya chakula. Kwetu ratiba ilikuwa ratiba. Mimi nikirudi asubuhi nakula bukari, ugali mzito, kwa sababu kwangu ni jioni, na watoto wanakunywa uji, kwa sababu kwao ni asubuhi. Mama Flory aliona si heshima kuchanganya. Alinitengea chumbani, mlango umefungwa, nikala peke yangu kama askofu. Nyumbani kwa Tata Kabeya nilikuta fujo ya ajabu. Yeye anakula bukari na samaki uani, watoto wamemzunguka na vikombe vya uji, huyu anachovya samaki kwenye uji, yule anamwibia mboga, na yeye anapiga mikono yao huku anacheka. Kambi nzima ilimsema. Tulisema hana adabu ya nyumba.

Tena kulikuwa na mkate. Kampuni ilitupa mkate kazini, tunaubeba kwenye gameli, lile bakuli la bati lenye mfuniko. Kila baba wa kambi alibakiza kipande. Mkate umekauka, una vumbi la mtambo, unanukia chuma, na hakuna keki watoto walioipenda hivyo. Mimi pia nilibakiza. Lakini mimi nilimpa mama yao agawe, naingia kulala. Tata Kabeya aliuficha mfukoni, mara kwenye soksi, na watoto walimpekua kama forodhani Dilolo mpaka waupate. Mkate ni ule ule. Sitasema zaidi.

Na alivyokuwa analala! Nilimkuta kwa macho yangu. Nilitumwa kumwita, mchana kabisa, nikamkuta amelala sebuleni juu ya mkeka, mdomo wazi, watoto wanaruka juu ya miguu yake, mmoja amekaa kwenye tumbo anapiga kopo. Hakuna kitenge mlangoni. Alipoamka nikamwuliza anawezaje.

"Mi nikisikia batoto, njo nalala," aliniambia. "Bakinyamaza hata kidogo, naamuka, naenda kuangaria nini inabaya. Na weye, Tata Kimya? Mashini ikinyamaza, unakimbia. Batoto bakinyamaza, unalala? Uko mutu wa namna gani?"

Nilicheka. Nilimwona mtu wa mzaha tu. Nilienda nyumbani nikamhadithia Mama Flory, naye akasema ndiyo sababu yule mke wa Kabeya hatapata beseni hata siku moja. Na kweli hakupata. Tata Kabeya alipofariki, watoto wake walikuja wote, wengine kutoka mbali, na kelele ya msiba ule ilisikika mpaka kambi ya pili. Walikuwa wanalia na kusimulia vichekesho vyake wakati ule ule. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikaona wivu. Mnasikia? Nilimwonea wivu maiti.

Sasa kuna jambo ambalo mke wangu alikufa bila kulijua. Mimi sikuwa nalala.

Mtu aliyezoea kinu, masikio yake hayapumziki penye kimya. Nilikuwa najilaza, nafumba macho, na kimya kile kinaniamsha kama mtu anayenivuta mguu. Basi nikawa nasikiliza. Ukuta ulikuwa wa tofali moja, na watoto walikaa upande wa pili wakinong'onezana. Nilisikia kila kitu. Nilijua Flory anamwogopa mwalimu wa hesabu na anaficha daftari chini ya godoro. Nilijua Odette anagawana chakula chake na mtoto wa jirani ambaye mama yake ameondoka. Nilijua wananiitaje, na sitawaambia. Mwaka mmoja Odette alichaguliwa kusoma salamu siku ya kufunga shule, mbele ya wageni wote. Alijifunza ile salamu kwa kunong'ona nyuma ya ukuta wangu, siku baada ya siku. Kulikuwa na wakubwa wengi wa kusalimu kwa mpangilio wao, na kila mara anapotea mahali pale pale, anarudi mwanzo. Mimi kitandani midomo yangu ilikuwa inamsaidia. Siku yenyewe nilikuwa poste ya mchana. Nilipata habari kwamba alisoma vizuri.

Kwa nini sikugonga ukuta? Kwa nini sikusema, "Odette, baada ya walimu ni nani"? Kwa sababu ningesema, mama yao angejua wameniamsha, na fimbo ingetoka. Kwa hiyo nilijifanya nimelala ili wasipigwe. Nikiamka kweli, naenda mezani, wanasimama, wanasema "Tata, umelala vizuri?" Nasema ndiyo. Mazungumzo yameisha. Niliwapenda kupitia ukuta, na ukuta haukuwaambia.

Mnaniambia nilikuwa baba asiyekuwepo? Nilikuwepo! Sikunywa, sikuwa na nyumba ya pili, nilitoka kazini moja kwa moja mpaka nyumbani. Wangapi kati yenu wanaweza kusema hivyo? Na nimelipwa nini? Flory yuko Johannesburg. Miaka yote alipokuwa anapiga simu, nikipokea mimi alisema, "Tata, uko muzima? Mama iko?" Nampa mama, na kutoka chumbani nawasikia wanacheka nusu saa. Tangu tumzike mama yake, anapiga, anauliza kama mimi ni mzima, najibu ni mzima. Kisha tunasikilizana tunavyopumua mpaka dakika zake ziishe. Uchungu huo siwaombei hata wale wanaonidharau.

Odette ndiye aliyerudi. Mume wake alivuka Dilolo kwenda kufanya biashara Angola, na biashara ikamnogea kuliko mke. Odette akapata kazi katika moja ya kampuni hizi mpya, anaendesha lori la shimoni, lile ambalo gurudumu lake moja linamzidi mtu urefu. Nasema wazi kwamba najivunia. Alikuja kukaa kwangu na binti yake Bénie, ambaye alikuwa ameanza shule ya msingi. Nikafurahi. Nikasema nyumba itapata kelele.

Juma lake la kwanza la poste ya usiku alirudi asubuhi, akaoga, akafungua sanduku la mama yake. Akatoa kile kitenge cha bluu chenye ndege. Akakitundika mlangoni. Kisha akamwinamia Bénie, akaweka kidole mdomoni. Mtoto akaweka chake.

Nilikiacha kitenge pale, kwa sababu Odette alikuwa na haki. Mwenzake mmoja alisinzia kwenye usukani na lori likapanda ukingo wa barabara ya shimoni, ikabaki kidogo tu waokote vipande. Dereva wa lori lile asipolala, hafanyi kosa mara mbili. Kwa hiyo tulinyamaza. Mimi nilinyamaza, Bénie alinyamaza. Miezi ikapita. Bénie alianza kunong'ona hata siku ambazo mama yake yuko macho. Alimnong'oneza hata mbuzi. Mwishowe mwalimu wake akaniita, akasema mtoto anajua kuandika kila kitu lakini hajasikia sauti yake, na bila sauti hawezi kumpandisha darasa.

Nilimpelekea Odette habari hiyo, na tukagombana kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, kwa kunong'ona, maana Bénie alikuwa karibu.

"Nitamutuma Mutshatsha kwa shangazi yake," alisema. "Kule kuko nafasi, kuko batoto benzake. Hapa hakuna fasi ya mutoto. Mi nalala muchana, usiku niko mu shimo. Anabaki na nani?"

"Anabaki na miye."

"Tata, na weye ulibakia na shiye? Ile kitenge ilikuwa ya nani?"

Nikasema si mimi niliyekitundika, mimi nilikuwa nimelala. "Njo vile," akajibu, "ulikuwa nalala." Akaingia chumbani. Shangazi wa Mutshatsha angekuja mwisho wa mwezi kumchukua mtoto.

Nilijaribu ujinga kwanza. Nilimchukua Bénie mpaka kwenye reli, mahali ambapo hakuna nyumba, nikamwambia, piga kelele, hapa hakuna anayelala. Akanitazama. Nikapiga mimi ili aone. Nilipiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Wanawake waliokuwa wanapita na magunia ya makaa walitua mizigo, wakaniuliza kwa upole kama nakumbuka nyumbani kwangu ni wapi. Bénie alicheka mpaka machozi yakamtoka, bila sauti hata kidogo. Kama mjomba wake Flory alivyokuwa analia.

Tukarudi. Kitenge kiko mlangoni. Nilikaa chini ya dirisha la chumba cha Odette kupumzisha miguu, na hapo nikasikia kitanda. Kilikuwa kinalia kidogo, kinatulia, kinalia tena. Kitanda cha mtu aliyelala hakilii hivyo. Najua, ndicho kitanda changu cha kambini. Binti yangu alikuwa amejilaza macho wazi anasikiliza nyumba isiyo na sauti. Ana masikio yangu, maskini, na kazi yake pia ni ya makelele.

Ndipo Tata Kabeya aliponijia akilini, na tumbo lake na chai yake kwenye shati. Nikaleta mkeka nikautandika hapo hapo chini ya dirisha. Nikaleta karanga za kubambua. Nikamwita Bénie, nikaanza kumwuliza habari za shule kwa sauti ya kawaida. Sikupiga kelele. Nilitumia sauti ya mtu anayefanya kazi yake. Mtoto aliweka kidole mdomoni. "Mama analala, nkambo," akaninong'oneza mimi babu yake.

"Bambua karanga," nikamwambia, "na unieleze. Fimbo ikitoka, nitapigwa mimi."

Siku ya kwanza alinong'ona. Siku iliyofuata alinong'ona kwa nguvu, kama nyoka. Kisha karanga zikamnogea, akasahau, na neno moja likatoka zima, na lingine. Akanieleza mwalimu wake anavyonuka kitunguu. Akanieleza jino lake linalotikisika, na mpango wake wa kulitupa juu ya paa. Mimi nilikuwa na sikio moja kwake na sikio moja dirishani. Kitanda kililia mwanzoni. Kisha kikatulia, na nikasikia Odette anakoroma. Binti yangu alikoroma, na mtoto wake anaongea dirishani! Tukafanya hivyo kila siku ya poste ya usiku.

Siku jino lilipotoka, Bénie alishangilia chini ya dirisha. Jioni yake tulikaa mezani, Odette anakula kabla ya basi la kazini kupita. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia na mfuko wa Mutshatsha ulikuwa umeshafungwa. Odette alikata tonge la bukari akasema bila kufikiri:

"Kale kajino ulikatupa juu ya nyumba, ao uko nako?"

Bénie akaacha kutafuna. "Mama," alisema, na ilikuwa sauti kamili, ya kujaza chumba. "Ulikuwa nasikia?"

Nilimwona binti yangu anatengeneza jibu. Niliujua ule mdomo. Ulikuwa unataka kusema hapana, nilikuwa nalala, labda nkambo ndiye aliyeniambia. Ni jibu nililoishi nalo. Kisha akaweka tonge chini.

"Nilikuwa nasikia."

"Yote?"

"Nilisikia yote. Hata ya mwalimu wa kitunguu. Kisha nikasinzia, juu ya kusikia uko pale."

Mtoto alicheka, na safari hii tulimsikia, majirani nao walimsikia. Odette akamwambia akafungue ule mfuko, nguo zirudi kabatini. Bénie akakimbia, viatu vinapiga sakafu. Tukabaki wawili. Odette alinigeukia.

"Na weye, tata? Kitenge ilipokuwa pa mulango, ulikuwa nalala, ao ulikuwa nasikia?"

Miaka mingi imepita, mama yake amezikwa, na ule ukuta wa tofali sijui nani anakaa nyuma yake sasa. Basi nikasema tu yale midomo yangu iliyoyazoea:

"Mkuu wetu mpendwa wa shule. Mapadri na masista. Wakubwa wa kampuni. Walimu wetu wote..."

Nikasimama pale alipokuwa anapotea. Odette alikuwa ameshika tonge jingine hewani.

"Na baba zetu walio kazini," alimalizia.

Basi la kazini lilipiga honi barabarani. Alisimama, akachukua kofia yake ngumu, akafika mlangoni, hakutoka.

"Juu ya nini haukusema?"

"Mama yenu angejua muliniamusha. Angewapiga fimbo."

Aliivaa kofia, akaifunga kamba chini ya kidevu.

"Tungekubali fimbo, tata," alisema. "Shiye wote wawili."